Nchi Changa Isiyoulizwa

— Rais, tabasamu basi! Unaposwa na mataifa makubwa mawili!

Darasa zima likaangua kicheko. Rais mwenyewe ni mimi, wa nchi iliyopata uhuru juzijuzi, mwanangu Nasima kalala mgongoni kwa leso. Mwalimu Kavata hutufundisha historia jioni katika ukumbi wa mtaa, Shauri Moyo. Siku hiyo somo la Vita Baridi aliligeuza mchezo: mabepari na wakomunisti waje kuibembeleza nchi yangu.

— Sheria ni moja, alisema. Nchi changa haifungui mdomo mpaka wakubwa wamalize.

Zaki, mwenye vibanda vya mitumba Gikomba, alisimama upande wa ubepari.

— Mrembo wangu, njoo kwangu. Nitakujengea viwanda, barabara, bandari. Kila mtu ale jasho lake.

— Na mgonjwa ale nini? Jamil alidakia kutoka kambi ya pili. Rais, kwetu shule bure, hospitali bure. Shamba letu sote. Hata njaa tutagawana.

— Njaa! Buda, hiyo ndiyo posa?

Nilicheka nikiuma pindo la leso. Jamil ni fundi cherehani, na kwake haukuwa mchezo mtupu. Alikuwa ameniahidi kuleta wazee wake mitihani ikiisha.

Zaki hakucheka.

— Jamil, usijichoshe. Nchi hii ina mwenyewe. Nimepeleka posa kwa ami yake, imekubaliwa. Nikaha ni Ijumaa.

Chaki ilimponyoka mwalimu.

— Rufaida, ni kweli? Jamil aliuliza.

Nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Tangu nipewe talaka, mimi na Nasima tunaishi kwa Ami Jumbe. Aliponiambia habari za Zaki nilitazama sakafu, nikiwaza akikasirika nitampeleka wapi mtoto. Nikamsikia akimwambia mkewe, "Kanyamaza. Amekubali." Nikabaki na uoga wangu, hata Jamil sikumwambia.

Jamil aliikunja bendera nyekundu aliyoishona mwenyewe, akatoka.

Nikiwa njiani ujumbe ukaingia: "Ungeniambia tu. Kumbe nabembeleza nchi ya mtu."

Nikajibu: "Jamil, mimi sijasema ndiyo." Haukufika. Nikapiga, simu imezimwa. Nilimnyonyesha Nasima machozi yakimdondokea kwenye nywele.

Ijumaa baada ya swala, sebule ilijaa kanzu. Sheikh alikuja mlangoni pa chumba, pazia katikati yetu.

— Binti, umeridhia ami yako akuoze kwa Zaki?

Nilishika mkono wa Nasima, basi.

— Kimya ni ridhaa, sheikh, ami alisema. Tuendelee, pilau linapoa.

— Taratibu, Jumbe. Hiyo ni ya mwanamwali. Huyu kaolewa, kaachika, ana mtoto. Kimya chake si jibu. Lazima atamke.

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilisogelea pazia.

— Sikubali.

— Sema nikusikie, mwanangu.

— Sikubali, sheikh!

Sebuleni viti vilisukumwa. Nikasikia viatu vya Zaki vikitoka.

— Basi utajua utalala wapi! ami alifoka.

— Atalala hapa hapa, mkewe, Bi Zaitun, alijibu kutoka jikoni, mwiko mkononi. Ama sote tutoke, ubaki na pilau lako.

Jumatatu Jamil alikuwa darasani, kainama nyuma kabisa. Kiti cha Zaki kilikuwa kitupu.

— Rais, tulikatizwa, Mwalimu Kavata alisema kwa upole. Nchi yako inaelekea wapi?

Nilisimama, Nasima mgongoni.

— Nchi yangu haifungamani na kambi yoyote, mwalimu. Lakini mimi mwenyewe nina neno. Jamil, Ijumaa sheikh aliniuliza, nikasema sikubali. Wewe bado hujaniuliza.

— Weee! darasa lilipiga kelele.

Jamil aliinua uso. Macho mekundu kama bendera yake.

— Rufaida, mimi sina viwanda. Sina bandari.

— Nani kakuuliza una nini? Niulize.

Alisimama, akajikwaa kwenye dawati.

— Nilete wazee?

Mwalimu alikuwa na sheria yake, na ami alikuwa na yake. Nilivuta pumzi, nikatamka hadi wa nje wasikie:

— Walete.