Wafanyakazi wa Tumboni mwa Madoa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kamene alimpelekea Madoa maji. Madoa alikuwa ng'ombe wao wa pekee hapo Gatuanyaga, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea Wambua, mdogo wake Kamene, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa mnyonge.

Siku moja mwaka wa 1956 Madoa alivunja mlango wa ghala, akala mahindi makavu hadi akavimba. Bwana Mulei, msaidizi wa daktari wa mifugo, alikuja kwa baiskeli kutoka Thika akamnywesha dawa. Uvimbe ulishuka, lakini Madoa alisimama tu, kichwa chini. Hakula, hakucheua, na maziwa yakakauka.

"Asipocheua atakufa," mama alisema. Akaenda kwa jirani yao, Mzee Kaleli, akarudi na kibuyu. Ndani mlikuwa na majani yaliyotafunwa, yaliyotolewa kinywani mwa ng'ombe wa mzee wakati ng'ombe huyo akicheua. Ng'ombe mgonjwa alinyweshwa hayo; ndivyo wafugaji walivyotibu tangu zamani.

Kamene alinusa, akakunja uso. Juzi tu mwalimu aliwafundisha kwamba vijidudu huleta maradhi. Mama alipoingia ndani kumwangalia Wambua, Kamene akamwaga yote.

"Kamene! Umefanya nini?"

"Mama, ule ni uchafu. Una vijidudu!"

Mama hakumpiga. Aliketi kizingitini. "Sasa mtoto atakunywa nini?"

Wakati huo baiskeli ya Bwana Mulei ilisimama uani. Alikuja kumtazama mgonjwa wake. Aliposikia yaliyotokea, alichuma jani la nyasi akampa Kamene.

"Tafuna. Ni tamu?"

"Hapana. Ni nyasi tu."

"Lakini mna sukari humo, imefungwa ndani ya nyuzi. Meno yako hayawezi kuitoa, hata ya ng'ombe hayawezi. Tumboni mwake mna vijidudu vingi kuliko nyasi zote unazoziona. Vinatoa majimaji yanayokatakata nyuzi mpaka sukari ifunguke. Vinaila, na ng'ombe hupata nguvu kwa kazi hiyo. Mahindi yaliviua vya Madoa. Mama yako alikuwa amemletea vingine."

Kamene alitazama ile rangi ya kijani ikikauka mchangani. Kisha akashika kibuyu, akakimbia kwa jirani.

"Mmerudi tena?" Mzee Kaleli alisema. "Ng'ombe wangu amekuwa duka la dawa?"

"Samahani, mzee. Nilimwaga."

"Ulimwaga! Basi njoo ushike pembe. Leo akinikanyaga, nitakanyagwa pamoja nawe."

Kibuyu kilipojaa, Kamene alirudi nyumbani polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Wakamnywesha Madoa.

Kesho yake jioni, taya la Madoa lilianza kwenda huku na huku. Kamene aliweka sikio ubavuni mwake. Ndani mlinguruma kama mvua ya mbali.

"Vinafanya kazi," alinong'ona.

"Ulichofundishwa shuleni ni kweli, mwanangu," mama alisema, "lakini hakikuwa chote. Ukifika mwisho wa unachokijua, uliza kwanza. Usimwage."

Kamene aligeuka akatazama malisho, nyasi kavu mpaka kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa amezikanyaga maisha yake yote, wala hakujua kwamba alitembea juu ya sukari.