Mwiko wa Tezo

"Ni nani amebaki ndani?"

Truphena aliuliza hivyo Alhamisi moja saa saba mchana, chapati mkononi. Walikuwa wote nje ya karakana ya vinyago pale Mbotela. Mafundi sita walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wakila madondo, Mzee Mwangangi mwenye karakana alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, na wanawake wawili wa msasa, Truphena na Nzisa, walikuwa juu ya magunia yao karibu na mlango. Banda lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mwangangi kwa kamba ya kiatu. Na ndani ya banda, tezo ilikuwa ikichonga.

Tezo ni kile kishoka kifupi cha kuchongea, na anayeishi nacho hawezi kuchanganya sauti yake na nyingine. Mapigo matatu, kisha kimya. Mapigo matatu, kisha kimya. Na katika kila kimya walisikia pumzi ikipuliza vumbi la mbao, taratibu, kama afanyavyo fundi anayeijua kazi yake. Harufu ikapenya chini ya mlango, ya marashi mazito yaliyomwagwa juu ya nyama mbichi.

Mwangangi aliongeza sauti ya redio, akaomba apitishiwe pilipili.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote. Wanaume walichonga ndani. Wanawake walikaa nje, wakapiga msasa, wakapaka rangi ya viatu na kung'arisha. Mwanamke kuvuka kizingiti akashika tezo ulikuwa mwiko, na ukiuliza sababu uliambiwa kwamba mbao hupasuka. Hakuna aliyewahi kuiona mbao ikipasuka kwa sababu hiyo, maana hakuna mwanamke aliyewahi kuruhusiwa kujaribu. Ushahidi wa mwiko ulikuwa mwiko wenyewe.

Nzisa alikuwa amelelewa miguuni pa baba mchongaji kule Wamunyu, akashika tezo kabla hajashika kalamu. Benchi la saba la banda lilikuwa wazi tangu fundi wake arudi kwao Kitui, na mwezi ule Nzisa alikuwa amemwendea Mwangangi akaliomba waziwazi, mbele ya watu. Mwangangi alicheka mpaka akafuta macho. Frankline, fundi wa twiga, ndiye aliyemjibu.

"Siste, utavunja kucha, halafu tuanze kukuchangia."

Wakacheka wote. Mulwa, fundi mwenzao na binamu yake Nzisa, alicheka pia, naye alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kulikuwa na oda ya korongo ishirini, ndege warefu wa miguu myembamba kama penseli, kila mmoja atoke kwenye kipande kimoja cha mti bila kiungo. Mafundi walikuwa wamevunja miguu ya korongo kumi na mmoja. Mwangangi alikuwa karibu kuikosa oda ndipo Mulwa akaanza kuleta korongo waliokamilika, wanne kwa wiki, wamesimama wima kama wako majini. Aliwachonga Nzisa, chumbani kwake mtaa wa Tena, Jumamosi jioni na Jumapili nzima. Mulwa aliwabeba kwenye begi na kukwaruza alama yake chini yao. Alikuwa ameapa kwamba oda ikiisha atamwambia mzee ukweli, na Nzisa atapata benchi. Nzisa hakutaka kitu kingine. Alitaka kukaa kwenye benchi lile mchana kweupe, na kazi yake iitwe yake.

Ila tangu korongo wa kwanza waingie bandani, kitu fulani kilianza kukosa usingizi.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, Frankline aliinua tezo juu ya shingo ya twiga, na tezo ikageuka hewani. Waliokuwa karibu walisema ilikuwa kana kwamba mtu asiyeonekana alimshika kiwiko. Ilishuka kwenye mguu wake, chini ya goti, ikang'oa ganda la nyama hadi mfupa ukaonekana mweupe. Wakasema ni ajali.

Jumatano, baada ya chakula, Mwangangi alifungua kufuli na wakawakuta twiga wote waliokamilika wakiwa na midomo. Siyo midomo waliyochongewa. Kila mmoja alikuwa amepasuliwa uso na kuchimbwa hadi kooni, na ndani ya shimo hilo kulikuwa na meno ya binadamu, madogo, yamepangwa vizuri, yakiwa na unyevu. Truphena alipewa mmoja apige msasa. Alikiweka chini kile kinyago, akaenda kunawa mikono mara tatu, na harufu ya marashi haikutoka.

Ijumaa ilikuwa zamu ya fundi Nabiswa, aliyerudi ndani wakati wa mapumziko kutafuta simu yake huku Mwangangi akisubiri na ufunguo mlangoni. Aliposhindwa kutoka, wakaingia, wakamkuta amepiga magoti kwenye benchi lake, viganja vyote viwili vimepigiliwa juu ya ubao kwa patasi mbili zilizozama mpaka kwenye mpini, damu ikitiririka polepole kwenye maranda, naye hakuwa akilia wala kuita, alikuwa tu amekunja midomo akipuliza, akinyamaza, akipuliza tena, kama anayeondoa vumbi kwenye kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiona.

Jioni ile mafundi walinong'ona nyuma ya choo. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mwanamke ameomba benchi, na majini yamekuja. Walioumia walikuwa wanaume, kwa hiyo wa kulaumiwa akawa mwanamke. Mwangangi alimwambia Nzisa ahamishe gunia lake mpaka nje ya geti.

"Ondoka tu, dada," Truphena alimsihi kwa sauti ya chini. "Nitakutumia vitu vyako. Hawa watu watakuua."

Nzisa alijibu kwamba akiondoka sasa watasema walimfukuza jini, na msichana yeyote atakayefika pale baada yake ataambiwa hadithi hiyo.

Jumamosi adhuhuri alikuja mganga, mzee mfupi wa koti la ngozi aliyeitwa Muindi. Aliamuru kila anayefanya kazi pale aingie ndani, wake kwa waume, na hivyo ndivyo Nzisa alivyovuka kizingiti kwa mara ya kwanza. Muindi hakuchoma ubani wala kupiga manyanga. Alizunguka banda akinusa, akasimama mbele ya gogo jeusi lililokuwa kwenye kona, ambalo Mwangangi hakuwahi kuruhusu lichongwe, na akaliwekea sikio.

"Mzee," alisema polepole, "huyu hakuja. Huyu aliletwa."

Mwangangi akatazama viatu vyake. Muindi akawaeleza wote: miaka kumi na tisa iliyopita mzee huyu alimnunua jini wa kufuga, akamleta ndani ya gogo lile. Jini angechonga, karakana isikose wateja. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba tezo ya mwanamke isikate kitu chochote kitakachokaa naye. Mwiko waliouita mila za wazee ulikuwa sharti la jini, na kwa miaka kumi na tisa wanaume wazima walikuwa wamelitetea kwa jina la babu zao.

"Sharti limevunjwa," Muindi alisema. "Kuna kazi ya mwanamke humu. Hawa korongo ni wa nani?"

Macho yote yalimgeukia Mulwa. Mulwa alimtazama Nzisa, naye Nzisa akamtazama bila kupepesa, maana hiyo ndiyo saa aliyoahidiwa. Maneno mawili tu yalitosha. *Ni wake.*

"Ni wangu," Mulwa akasema.

Tezo iliyokuwa kwenye benchi la saba iliinuka bila mkono. Ilimpiga mdomoni kwa upande wa bapa, mara ya kwanza meno yakaruka, mara ya pili taya likatoka mahali pake na kuning'inia, mara ya tatu akaanguka kwenye maranda akijishika uso uliokuwa tayari hauna umbo, huku pumzi ikipulizwa baada ya kila pigo, taratibu, bila haraka, na twiga wote wakiwa wameelekeza midomo yao upande wake.

Sasa ilijulikana korongo ni wa nani. Mwangangi alifunga mlango. Alisema jini amekosewa na mkono, basi apewe mkono, na yaishe. Hakuuliza kwa nini uwe mkono wa Nzisa na siyo wake yeye aliyemnunua. Mafundi watatu walimkamata Nzisa, watu aliokuwa akiwamiminia chai kila asubuhi, mmoja akamshika kiuno, mmoja akamkanyaga miguu, mmoja akaulaza mkono wake wa kulia juu ya kigogo cha kukatia. Truphena alimvamia huyo wa mwisho kwa mkebe wa rangi, akampasua kipaji cha uso, lakini Mwangangi alimrusha Truphena ukutani kama gunia la makaa, kisha akashika tezo.

Nzisa hakupiga kelele. Aliongea haraka, kwa sauti ya mtu anayejua muda wake unakwisha.

"Mzee, fikiri kidogo. Kwa nini jini akatae mkono asiouogopa?"

Muindi aliinua kichwa. Kwa sekunde moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa akiwa na jibu mfukoni. Mwangangi alimwona, akaelewa, na akashusha tezo hata hivyo, kwa sababu miaka kumi na tisa ni mingi kwa mtu kukubali kwamba alikosea.

Kidole cha shahada na cha kati vilibaki juu ya kigogo. Damu iliwarukia wale watatu machoni nao wakamwachilia wote kwa pamoja, kama walioshika chuma cha moto, na Nzisa akaanguka, akainuka, akaichukua tezo ile ile miguuni pa Mwangangi kwa mkono wa kushoto, akaukazia na ule wa kulia uliobaki na vidole vitatu, akakimbilia kwenye kona, na kabla mtu hajamfikia alilipiga gogo jeusi mapigo matatu, mahali pamoja, akifuata nyuzi za mti kama baba yake alivyomfundisha, na gogo likapiga yowe, na midomo yote ya twiga ikapiga yowe pamoja nalo, sauti za watoto na za wazee na za mnyama anayechinjwa, marashi yakafumka hewani mpaka watu wakatapika walipokuwa, mabati yakaanza kucheza juu ya misumari yake, na Nzisa akapiga tena, na tena, akilia sasa, akipiga na damu yake ikiingia kwenye ufa, hadi gogo likapasuka katikati na ndani yake kukawa na uwazi wenye umbo la mtu aliyejikunja.

Uwazi ule ulikuwa mtupu. Jini alikuwa ametoka, na hakuwa na pa kwenda ila kwa yule aliyefunga naye sharti.

Mwangangi aliketi chini kwa utulivu kwenye maranda. Alikunja suruali yake mpaka juu ya goti. Akamwomba Frankline tezo kwa heshima, na Frankline akampa. Kisha akaanza kuuchonga mguu wake mwenyewe kuanzia kwenye goti kushuka chini, akiondoa nyama ganda kwa ganda, mapigo matatu na kupuliza, mapigo matatu na kupuliza, akiugeuza huku na huku na kuuangalia kwa jicho moja kama unanyooka, na wanaume wanne walipomrukia kumnyang'anya hawakuweza kumfungua hata kidole, wakabaki wamemshikilia mabega huku wakiutazama mguu ukizidi kuwa mwembamba, mwembamba, na alipomaliza huo akaanza mwingine.

Alikata roho kabla hawajamfikisha barabarani. Askari aliyekuja kuandika maelezo aliandika ajali ya kazini. Mafundi walisema hawakuona vizuri. Truphena alisema aliona yote, akataja waliomshika Nzisa na alivyokatwa, naye askari akamuuliza mume wake yuko wapi.

Miezi miwili banda lilifungwa. Kisha mjane wa Mwangangi, mama mmoja mkimya aliyeitwa Mukai, alikuja na ufunguo. Alichoma vipande vya gogo jeusi uani mpaka vikawa majivu, akasema mwenye oda bado anawataka korongo wake, na anayetaka kazi aingie.

Mafundi walisimama mlangoni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mulwa, taya lake limefungwa waya, alitazama chini. Nzisa alipita katikati yao, Truphena nyuma yake, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la saba na kulipangusa kwa kiganja cha kushoto. Akaketi. Akaweka kipande cha mti mbele yake. Alijaribu kuishika tezo kwa vidole vitatu, ikamponyoka. Akajaribu tena, ikaanguka sakafuni, na mlio wake ukawafanya wote mlangoni warudi hatua moja nyuma.

Frankline, akiegemea mkongojo wake, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Benchi umepata, siste. Sasa utashika na nini?"

Nzisa hakumgeukia. Aliiokota tezo. Kutoka mfukoni alitoa utepe wa tyubu ya baiskeli aliokuwa ameukata nyumbani, akaulaza juu ya benchi pamoja na mkono wake, kovu likiwa bado jekundu, na akamwita Truphena kwa jina la bintiye, kama alivyozoea.

"Mama Everline, nifunge tezo mkononi. Kaza."