Mlio wa Magurudumu ya Nyuma

Gari la Crispin Lezama lililia pale tu liliporudishwa nyuma. Mchana kutwa lilibeba kakao kutoka Brasso Seco hadi Arima bila kelele yoyote. Lakini kila jioni, alipoliingiza uani kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yalitoa mlio mwembamba, kama wa mtoto aliyenyimwa ziwa.

"Linalalamika kama mama mkwe wako," alisema fundi Cuthbert Joefield, akipiga jeki.

"Nimekusikia, Cuthbert," alijibu Bi Eulogia kutoka kiti chake cha kubembea barazani. Ndiye aliyemlea binti wa Crispin tangu mama yake afariki.

Cuthbert alifungua magurudumu, akapangusa vumbi, akapiga msasa viatu vya breki, akasikiliza beringi moja moja. Zote nzima.

"Sioni ugonjwa hapa. Mwite mtoto akanyage breki, tusikilize tukiwa chini."

Mtoto alikuwa na miaka saba. Jina lake la ubatizo lilikuwa Anselma Perpetua, ila nje ya nyumba aliitwa Bebe tu. Kule kwao hakuna mzazi anayelitaja jina la mtoto nje, kwa kuwaogopa dueni: watoto waliokufa bila ubatizo, wasio na uso, ambao nyayo zao zimegeuka, visigino mbele na vidole nyuma. Dueni akilipata jina, humwita mtoto kwa sauti ya mzazi wake, na mtoto hufuata hadi msituni, asirudi, naye huwa mmoja wao.

"Bebe, kanyaga," alisema Crispin, akiwa amelala chini ya gari. "Achia. Bebe, nimesema achia."

Bebe alikuwa akicheza na usukani. Mgongo ulimuuma Crispin na grisi ilikuwa imemwingia jichoni, naye akafanya kama mzazi yeyote aliyechoka.

"Anselma Perpetua Lezama, achia hiyo breki!"

Kiti cha barazani kikaacha kubembea.

Gurudumu lililokuwa hewani, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuzunguka kinyumenyume, polepole, likilia, na harufu ya udongo uliofukuliwa ikajaa chini ya gari. Kisha likasimama.

"Umesema nini, Crispin?" aliuliza bibi kwa sauti ya chini.

"Limeniponyoka, mama."

"Ungeponyokwa na spana, mwanangu. Spana huokotwa."

Cuthbert alilirudisha gari nyuma mara mbili. Halikulia tena. "Limepona," alisema bila kumtazama mtu, akaondoka bila kungoja ramu yake.

Kabla ya taa kuwashwa, Bi Eulogia alifunga madirisha, akamwaga unga kizingitini, akajifunga rozari mkononi na kumfunga mtoto kwa ncha ya pili. Crispin aliketi mlangoni na panga lake la kakao, akisikiliza vyura, akisikiliza paa, hata vyura wakanyamaza wote kwa pamoja, na huko uani, karibu na magurudumu ya nyuma, akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye upendo ambao hakuwa ameutumia siku ile, ikiita, "Anselma, njoo, mwanangu," ilhali yeye ameketi pale amefumba mdomo, na mikono yake, alipotaka kulinyanyua lile panga, haikumtii, wala macho yake, yaliyojifumba yenyewe.

Alizinduka jua limetoka. Mlango ulikuwa wazi. Aliutazama ule unga, moyo ukampanda kwa furaha.

"Mama, njoo uone. Nyayo zote zinaelekea ndani. Hakuna aliyetoka."

Bi Eulogia alikuja taratibu. Mkononi mwake rozari ilining'inia, imekatika.

"Za dueni zimegeuka, Crispin. Waliingia kwa paa, pasipo unga; ukiziona zinaingia, ujue wametoka."

"Lakini hizi hapa ni za Bebe," alisema, akigusa alama ya ndara ambazo Cuthbert alimkatia mtoto kutoka tairi kuukuu la gari lile. "Tazama, mama. Na yeye anaingia."

Bibi alikuwa ameshajifunika uso kwa mtandio.