Kengele ya Chumba cha Mwisho

Walimwita Bwana Safi, maana hilo ndilo neno lililomtoka katika kila nyumba ya kulelea wazee aliyotumwa kukagua. Alikuwa mkaguzi wa leseni asiyekagua. Aliketi ofisini, akanywa chai, akajaribu kengele ya chumba cha karibu. Ikilia, basi, kazi imekwisha. Miguu yake aliihurumia kuliko wazee.

Mchana mmoja alikuwa katika nyumba ya mama mmoja mwenye maneno matamu kuliko chai yake. Ukutani pa ofisi palikuwa na ubao wa taa ndogo, moja kwa kila chumba. Mzee akibonyeza kengele, taa yake huwaka na ubao hulia. Ubao wenyewe ulifunikwa taulo zito.

Bwana Safi alilijua taulo hilo. Mwaka uliopita alilicheka, akatia saini.

"Wanapenda kudeka," mama alimwambia siku ile. "Ukiwasikiliza, hulali."

Baadaye mzee wa chumba cha mwisho alikutwa amekufa, kidole gumba kimegandia kengele. Wakasema ni moyo.

Sasa saini mpya ilikuwa imeshatiwa, wino umekauka, Bwana Safi anamalizia chai. Taa ikawaka chini ya taulo.

"Chumba gani hicho?"

"Cha mwisho," mama alinong'ona. "Hakina mtu. Na waya tulishaukata."

Bwana Safi akacheka kwa dharau. Mtu mzima kuogopa taa! Akainuka kwenda kuizima mwenyewe kule chumbani. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika mwisho wa korido ile.

Alikuta kitanda kitupu, godoro la plastiki, na kengele ukutani. Mlango ukajifunga nyuma yake. Kwa ndani haukuwa na kitasa. Walikitoa ili wazee wasizurure. Hilo nalo alilipitisha.

Aligonga. Akaita.

Akabonyeza kengele.

Godoro likadidimia kando yake, kama mtu ameketi. Hakuna mtu. Kitu cha baridi kikalala juu ya kidole chake.

"Bonyeza tu, mwanangu," sauti ya kizee ilimnong'oneza. "Watakuja."

Alibonyeza.

"Mimi nami waliniambia hivyo."

Mama alikiri baadaye kwamba taa iliwaka mchana kutwa, na kwamba alisikia kelele. Alidhani mkaguzi ameshaondoka, na kelele ni za yule marehemu. Akaongeza taulo la pili, akaenda kujilaza.

Jioni mfagiaji alifungua mlango. Bwana Safi alikuwa ameketi kitandani, macho makavu, anabonyeza. Tangu hapo hasemi, hashiki kijiko, na kidole gumba chake hakitulii hata usingizini. Majirani wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na hawakumlilia.

Mkewe alimuuguza hadi akachoka. Akamtafutia nyumba ya kulelewa, yenye leseni halali, si hizi za vichochoroni. Iliyokuwa na nafasi ni ile ile. Chumba kilichokuwa wazi ni cha mwisho.

"Kengele yake inalia?" aliuliza mkewe.

"Tumekaguliwa, mama, usijali," alijibu mwenye nyumba.

Mkewe alipomshika mkono kumuaga, aliona juu ya ukucha wa gumba la mumewe alama ya kidole kingine, chembamba, cha mtu mzee. Aliisugua kwa kitambaa. Haikutoka. Ilikuwa baridi, na ilikuwa inasukuma.