Damu Aliyoificha Alois

"Niambie jina lake tu, Alois. Sitampiga, sitamtukana. Nataka jina."

"Jina la nani?"

"La huyo mwanamke aliyekufanya uniandikie ule ujumbe."

Glory alikuwa amesimama katikati ya matuta ya kabichi, viatu vyake vya mjini vimejaa udongo, jasho linamtiririka. Asubuhi alikuwa amefunga kibanda chake cha ushonaji pale Bigwa, Morogoro mjini, akapanda bodaboda mpaka Mlali, na kutoka hapo akaupanda mlima kwa miguu hadi kwenye shamba la mchumba wake. Kama bado alikuwa mchumba. Mwezi mzima Alois hakupokea simu. Ujumbe ulikuwa mmoja tu: "Glory, usinisubiri. Tafuta mwingine. Nisamehe."

Mwanamke mwingine angefuta namba akaendelea na maisha yake. Glory naye aliifuta, ikawa kazi bure maana aliijua kwa kichwa. Alikuwa akishona gauni la mteja, anajikuta amesimamisha mguu kwenye cherehani, anasikiliza pikipiki za barabarani. Labda moja ingesimama mlangoni imshushe yule mwanaume anayecheka mpaka mabega yanatikisika.

"Hakuna mwanamke," Alois alisema, macho yake chini.

"Basi umenichoka."

"Nikuchoke?" Alois aliinua macho. "Nakuwaza nikilima, nakuwaza nikila. Nikisikia mwanamke anaita huko bondeni nageuka, nikidhani ni wewe. Nani kakwambia nimekuchoka?"

Hasira zote zikamwisha Glory. Alitaka kumrukia shingoni, lakini aliona shati linavyomning'inia na suruali ilivyofungwa kwa kamba.

"Unaumwa."

"Mimi mzima."

"Alois, mimi ni fundi nguo. Kiuno chako nakijua kwa sentimita. Unaumwa nini?"

Alois aliketi ukingoni mwa tuta. Alichambua udongo kwa vidole.

"Ni mambo ya chooni. Hayaongeleki na mchumba."

"Yaongee."

"Nikienda haja kubwa natoka damu. Tangu kabla ya Krismasi."

Glory akakaa chini palepale, bila kujali gauni lake.

"Baba yangu alianza hivihivi," Alois aliendelea. "Nilikuwa mdogo. Nilikuwa namwona mama anafua mashuka yenye damu, anafua huku analia. Baba akafa hana hata mvi. Sitaki ufue mashuka yangu, Glory. Bora unichukie, uolewe na mtu mzima wa afya."

Kwa hiyo ugonjwa huo ndio "mwanamke" aliyekuwa akimwonea wivu mwezi mzima! Glory alilia kwa uchungu na kwa furaha kwa pamoja, hata mwenyewe asijue kipi kimezidi.

"Ulikwenda kupimwa?"

"Nilikwenda zahanati. Wakanipa dawa ya bawasiri, wakasema isipokoma nirudi."

"Ukarudi?"

"Nilinunua mizizi stendi, Msamvu."

"Na habari za baba yako uliwaambia?"

"Waliniuliza kama kuna mtu kwenye ukoo wangu aliyewahi kuumwa hivyo. Nikasema hakuna."

"Alois! Si umesema baba..."

"Baba si wa ukoo wangu." Alisema kwa utulivu kabisa. "Sisi wa milima hii, mtu anazaliwa kwenye ukoo wa mama yake. Shamba hili ni la upande wa mama, na mwenye neno kwangu ni mjomba. Niliulizwa ukoo, nikajibu ukoo."

Glory alimkodolea macho. Baba yake mwenyewe alikuwa Mchaga aliyekuja Morogoro kutafuta kazi ya kiwandani. Kwao hata mtoto wa kunyonya huulizwa ni wa baba gani.

"Ukoo wa mama nauheshimu," alisema. "Lakini hiyo pua si ya mjomba wako. Baba yako alikupa pua, na huenda amekupa na ugonjwa. Kesho tunakwenda hospitali mjini, unamwambia daktari yote."

"Wakinikuta nao?"

"Watakuwa wametukuta wawili, mimi nipo hapo nje kwenye benchi, nakusubiri."

"Naogopa, Glory."

"Na mimi naogopa. Mwezi mmoja nimekukosa ukiwa hai, nimebaki kusikiliza pikipiki kama kichaa. Nikukose ukiwa kaburini, nitasikiliza nini?"

Alois akainuka, akaliacha jembe palepale.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole asiye na haraka. Aliposikia habari za baba hakungoja. Alois alipewa dawa ya kusafisha tumbo, iliyomkimbiza chooni siku nzima, kisha kipimo cha kamera, ule mrija mwembamba unaopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Walikuta kinyama kimeota, wakakikata na kukipeleka maabara. Kusubiri majibu kulikuwa mateso. Glory alishona mikono ya gauni moja nje ndani, akafumua, akashona vilevile tena.

"Seli zimeanza kubadilika, lakini saratani bado," daktari alisema siku ya majibu. "Mmewahi. Utakuwa unarudi tukuangalie. Na watoto wote wa baba yako wapimwe, hata asiyeumwa chochote. Ugonjwa huu huanza kimya."

Walitoka nje, Alois akamshika Glory mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimtume mjomba kwenu lini?"

"Nilisubiri swali hilo mpaka nikakonda," Glory alisema. "Ila kwanza mpigie Thobias."

Thobias alikuwa mtoto wa baba yake Alois kwa mke wa kwanza, mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Walikuwa wakionana misibani tu.

"Thobias si wa..."

"Malizia uone."

Alois akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimetolewa kinyama tumboni. Kilikuwa kinanitoa damu nikienda chooni, kama baba. Nikasema nikuulize, kaka. Na wewe?"

Kwa mbali likasikika trekta.

"Nani amekuambia?" Thobias aliuliza kwa sauti ndogo. "Hata mke wangu hajui."

Glory akaichukua simu mkononi mwa Alois.

"Shemeji, shikamoo. Mimi Glory, mke wa Alois. Pandeni basi la kesho asubuhi, tutawapokea Msamvu. Na huyo mkeo mwambie leo, usimtumie ujumbe. Mwambie kwa mdomo, akiwa amekaa karibu yako."