Jina Lililokubaliwa na Seva

Jumatatu, mchana kweupe, kompyuta ya zahanati moja ya Ushirombo ilianza kunuka maziwa yaliyochacha. Davis, fundi wa mitambo, aliifungua, akaisafisha, akaifunga. Harufu ikabaki palepale.

Lakini kilichomkera zaidi ni seva. Yeye ndiye aliyetengeneza mfumo wa kumwona daktari wa Kahama kwa video kupitia kivinjari. Kompyuta mbili hazikuweza kufikiana moja kwa moja, kwa hiyo seva ya katikati ilipokea picha na sauti na kuzipeleka upande wa pili, na haikumpitisha mtu bila jina na nywila ya muda. Siku ya tatu sasa ilikataa kila jina. Alitengeneza nywila mpya, akarekebisha saa, akaiwasha seva upya. Imekataa. Imekataa.

"Davis, Vumilia amejifungua, lakini damu haikatiki," Nesi Klara alisema mlangoni mwa chumba cha uzazi cha jirani. "Barabara imekatika. Na nikimpigia daktari kwa simu, nasikia mtu anahema tu. Nipatie daktari!"

"Sista, kila kitu kiko sawa! Nifanye nini tena?" Akapiga meza ngumi.

Ndipo akaliona, kwenye orodha ya seva, jina moja lililokubaliwa kila sekunde: Martina. Hakuwahi kulisajili.

"Mayo, mama yangu!" Klara akanong'ona. "Martina ni yule aliyefia hapa akijifungua mwezi uliopita, tukimsubiri daktari."

Davis alimkumbuka, akakumbuka pia kwamba nywila iliisha muda saa ileile yeye akiwa kibandani anatazama mpira, simu ameizima, na kwamba kesho yake aliwaambia wote mtandao ndio uliokuwa mbovu. Na sasa spika zikaanza kuhema, pole pole, kama mwanamke anayesukuma mtoto asiyetoka, na ile harufu ikamjaa puani hadi kooni.

"Kama una neno, liseme," Klara alimwambia Davis.

"Martina, mtandao haukuwa mbovu. Ni mimi. Nilizima simu."

Kuhema kukakoma. Sura ya Daktari Serafina wa Kahama ikatokea kwenye kioo. Alimwelekeza Klara sindano ya kuchoma na namna ya kukanda tumbo, mpaka damu ya Vumilia ikakatika. Davis akakaa chini, akalia.

"Hongera, Nesi," daktari alisema. "Sasa mhudumie na yule mwingine."

"Mwingine yupi, daktari?"

"Huyo aliyemshika Davis mabega. Kanga yake yote imelowa damu."