Posho ya Wasio na Mtu

Babu yangu Amoni alikuwa karani wa posho katika baraza moja chini ya milima ya Ibaba, miaka michache baada ya vita vya Hitler. Mvua zilikatika mapema mwaka ule, mahindi yakakauka yakiwa bado na mbelewele, na serikali ikaleta magunia ya unga. Unga huo haukuwa wa kila mtu. Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya, aliamuru kwamba mwenye ndugu atalishwa na ndugu zake. Posho ya serikali ni ya asiye na mtu. Kazi ya babu ilikuwa kukaa nyuma ya meza barazani, kuuliza, na kuamua nani hana mtu.

Ilikuwa kazi mbaya na ilimpasa mtu kuifanya. Sijui kama mimi ningeifanya kwa moyo mwema kuliko yeye.

Watu walidanganya, bila shaka. Mwenye wana wawili machimboni alikuja amevaa matambara akijiita mkiwa. Ndipo babu alipobuni dawa yake. Watu wetu huzika karibu na nyumba, kwa hiyo anayelamba udongo huapa mbele ya wazee wake waliolala humo. Babu akaagiza kwamba kila anayetaka posho achote udongo kizingitini pa baraza, aulambe, kisha aseme kwa sauti: "Sina mtu." Waongo waligeuka njiani wakarudi makwao. Wakiwa wa kweli walilamba, wakapewa.

Tarishi wa baraza, mzee Kasiani, hakuipenda dawa ile. "Karani," alimwambia, "wewe unauliza ili uandike. Hao walioko chini wakisikia neno, wanalifanyia kazi."

"Basi watanisaidia kazi," babu akajibu, na watu wakacheka.

Mama yake babu, Tusekile, alikuwa mjane aliyeishi peke yake juu kidogo mlimani. Babu alikuwa akimlisha kwa mshahara wake, na kila alipompelekea kikapu aliona nyumbani kwake chungu kinapungua. Alikuwa na mke, Nesta, na binti mmoja tu, Tumpe, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya utoto. Magunia ya serikali yalikuwa pale, mbele ya macho yake, kutwa nzima. Akampandia mama yake mlimani, akamwomba aje barazani kama watu wengine.

Siku ya posho Tusekile akaja, amejifunga kaniki safi. Watu wote walimjua. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na zamu yake mbele ya meza ile.

"Bibi, una mume?" babu akauliza bila kuinua macho.

"Alikufa. Wewe mwenyewe si ulibeba..."

"Bibi, jibu unachoulizwa. Una mtoto?"

Tusekile akarudi kizingitini. Akainama, akachota udongo, akaulamba. "Sina mtoto," akasema. "Sina mjukuu. Sina mtu."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka puani. "Haya, mpimieni haraka huyo yatima. Anazeeka."

Akapimiwa. Alipoondoka aliagana na tarishi tu.

Siku chache baadaye Nesta alimtuma Tumpe ampelekee bibi yake kuni, kama ilivyokuwa desturi. Mtoto akarudi analia.

"Bibi hanioni," akasema.

"Amekukasirikia?"

"Hapana. Nimekaa mbele yake. Nimemshika goti. Akapangusa goti kama kuna nzi."

Babu akapanda mlimani jioni ile ile. Akamkuta mama yake anasonga ugali, ametulia, hana hasira wala huzuni.

"Karibu, Karani," akamwambia. "Umekuja kukagua? Nipo peke yangu. Hata kuni hizi sijui nani ameziacha."

"Mama, ni mimi. Amoni."

"Ndiyo, Karani. Jina lako nalijua."

Akamkaribisha kigoda kwa heshima, kama mgeni. Hakukuwa na dhihaka usoni mwake. Babu alitafuta dhihaka, akaitamani, na hakuiona.

Nyumbani hali ikabadilika polepole. Kwanza Nesta alisahau kumwita Tumpe kula. Kisha akaanza kupakua sahani mbili. Babu alipoongeza ya tatu, mkewe alimtazama kwa mshangao.

"Hiyo ya nani, Amoni?"

Tangu mtoto azaliwe, Nesta hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Siku zote alimwita Baba Tumpe.

"Ya mwanao," babu akanong'ona.

Nesta akaweka mwiko chini. Machozi yakamlengalenga. "Mungu hajatupa," akasema. "Kwa nini unanitesa?"

Tumpe alikuwa amesimama kati yao. Alikuwa amemshika mama yake upindo wa kanga.

Asubuhi babu akamfuata Kasiani kwenye banda la farasi wa Bwana Shauri, akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akifagia. Wakati huo bado alimkumbuka mtoto, kwa shida, kama mtu anavyokumbuka sura ya ndotoni.

"Mama yako aliapa hana mtu," akasema. "Sasa hao walioko chini wanaifanya iwe kweli."

"Mbona mimi bado naonekana?"

"Wewe una kitu kingine. Uwana wamekunyang'anya, ukarani umekubakia. Yule mtoto ni nani zaidi ya kuwa mtoto wa watu? Ukimwondolea watu wake, hakibaki kitu."

"Nifanye nini?"

"Bwana Shauri anakuja kukagua posho. Simama kizingitini mbele ya watu wale wale. Lamba udongo, useme yule ni mama yako na huyu ni mwanao. Useme uliapisha uongo. Basi."

"Atanifunga."

"Atakufunga," Kasiani akakubali, akaendelea kufagia.

Babu hakuwa mtu asiyempenda mwanawe. Hilo nataka lieleweke. Katika siku zile alimlisha kwa mkono wake, akamwogesha, akamlaza kifuani. Lakini alipokuwa macho alipiga hesabu nyingine pia: akifungwa, nani atamlisha Nesta? Na karani atakayekuja atawapa posho mke na mama wa mwizi? Huenda, alijiambia, mambo yatarudi yenyewe mvua zikinyesha.

Bwana Shauri akaja. Uwanja ukajaa. Babu alisimama kizingitini amevaa koti lake la kazi, na Tumpe kando yake, amemshika vidole viwili. Wanawake walimpita mtoto wakimkanyaga miguu, bila kuomba radhi.

Yule Mwingereza alikuwa amefurahi. Alisema katika wilaya nzima hakuna baraza lililogawa chakula kwa uangalifu kama hili. Kisha akamgeukia babu.

"Karani, kuna shauri lolote la kusema?"

Kasiani akaacha kutafuna tumbaku yake. Babu akatazama udongo mbele ya viatu vyake.

"Baba," Tumpe akanong'ona. "Sema."

Alihisi vidole vile vidogo vikikaza. Vilikuwa na joto. Vilikuwa na jasho.

"Hakuna shauri, Bwana," babu akasema.

Mkono ukamtoka.

Akatazama chini. Palikuwa na udongo tu.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, alipiga magoti kizingitini. Alilamba. Alilamba tena. Aliita jina mpaka midomo ikachubuka. Kasiani alimkuta pale akamwinua kwapani.

"Umepotelewa na nini, Karani?"

"Mtoto."

"Pole," mzee akasema kwa upole. Kisha, kwa dhati kabisa: "Wa nani?"

Tusekile alikufa kabla ya mavuno. Babu alikuwa wa kwanza kufika, kabla hajakata roho, akamshika mkono, naye akamshukuru Karani kwa wema wake kwa mkiwa asiye ndugu yake. Mwaka uliofuata Nesta alijifungua mama yangu, Roda. Alifurahi kupita kiasi. Mpaka anaingia kaburini alisema huyo ndiye kifungua mimba wake, na babu hakumbishia. Alisubiri mpaka Nesta akafa, ndipo akamweleza mama yangu, naye akanieleza mimi. Mama husema kwamba huenda njaa ile ilimharibu babu akili. Husema hivyo mchana, watu wakiwapo.

Nyumba ile ya babu ipo mpaka leo. Tangu wakati ule, kila mwaka kabla ya Krismasi ilipakwa udongo mweupe upya, na kila mwaka, kabla udongo haujakauka, kiganja cha mtoto kilionekana ukutani, karibu na mlango. Nesta aliwafokea watoto wa jirani, akakifuta. Mwaka uliofuata kilirudi, juu kidogo, kipana kidogo. Mama alikua nacho. Alipokuwa msichana kilimfika begani. Alipoolewa kilikuwa kiganja cha mwanamke mzima, na hakikupanda tena.

Mwaka nilioanza shule nilimsaidia mama kupaka. Tulimaliza, tukaketi nje kunywa uji, jua likaukausha ukuta wote. Mama akainuka kwenda ndani, akasimama mlangoni.

Kiganja kilikuwa pale pale, usawa wa bega lake.

Chini yake, usawa wa goti, kilikuwepo kingine. Kilikuwa kidogo kuliko changu. Vidole vilikuwa vimetandazwa, kama vya anayejifunza kusimama, na udongo wake ulikuwa bado mbichi.